Damu Isiyoganda

Mara ya kwanza Wembe alipompiga mchumba wa mama yake, alitumia paja la ng'ombe. Si nyama ya paja. Fupa lenyewe, lililokwisha kuvuliwa nyama, zito kama mguu wa kitanda. Lilimpata yule bwana katikati ya mabega, akaruka juu ya kaunta ya bucha, akapita na mizani, akapita na ndoo ya utumbo, akatua kifudifudi kwenye vigae vilivyolowa maji. Wateja sita waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi.

Makofi hayo yana sababu. Yule bwana alikuwa Maiti, na nchi nzima ilikuwa ikikata tiketi kumwona akianguka.

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Kwenye sinema alikuwa amekufa mara mia na moja. Alishanyongwa, alishapigwa risasi, alishakanyagwa na farasi, alishatupwa kutoka ghorofa ya tisa, na safari moja alimezwa na mamba wa mpira, wakakwama pamoja kutwa nzima mpaka fundi wa magurudumu alipoitwa. Hakuna aliyejua kufa kama yeye. Kifo chake kifupi kilichukua dakika sita, na mwongozaji wa filamu hakuthubutu kumkatiza. Akipita barabarani, watoto walimkimbilia: "Maiti! Maiti! Tufie kidogo!" Naye, kwa kuwa moyo wake ulikuwa laini kama ini la kuku, alishika kifua, akapepesuka, akafia palepale mtaroni, suti na yote.

Mama Bucha alikuwa mjane wa mwaka wa sita. Mumewe alipigwa pembe na fahali huko machinjioni, ikaingia chini ya mbavu ikatokea mgongoni. Wanaosema wanasema mjane alimchinja yule fahali kwa mkono wake siku ileile, akamkatakata, akamuuza mpaka kwato, jicho kavu. Chozi lilikuja wiki ya tatu, alipoikuta aproni ya mumewe nyuma ya mlango. Tangu hapo aproni ilibaki kwenye msumari wake. Hakuna aliyeigusa, hata mwanawe.

Huyo mwanawe ndiye Wembe, ishirini na mitatu, mabega kama lango. Jina alipewa na wachinjaji wenzake kwa sababu ya kisu chake. Alikuwa akitandika gazeti juu ya nyama, akalikata vipande viwili, nyama isipate hata mkwaruzo. Siku za uvivu alishindana na wenzake kukata vifungo vya shati la mtu, mtu mwenyewe akiwa ndani. Kisu kilisimama unywele mmoja kutoka kwenye ngozi. Hakuwahi kukosea.

Mama Bucha na Maiti walikutana kwa ajili ya damu. Watu wa sinema walikuwa wakitumia sharubati nyekundu, mpaka siku moja nyuki wakainusa. Maiti alikuwa ameshakufa, kamera inazunguka, haruhusiwi hata kupepesa jicho. Nyuki kumi na mmoja wakamaliza shida zao kwenye kope zake, naye kimya, maiti kamili, mpaka mwongozaji alipopiga kelele, "Kata!" Hapo ndipo alipokimbia akilia kuelekea kwenye pipa la maji. Kesho yake, macho yamevimba kama mayai, akaingia buchani kuulizia damu ya kweli.

"Ya ng'ombe ninayo," Mama Bucha alimwambia. "Ila damu ina tabia. Ukiiacha tu, inaganda kama maini."

"Sasa nitafanyaje?"

"Wewe? Utanunua. Mimi ndiye nitakayefanya."

Akaikinga ikiwa ya moto, akaikoroga kwa fimbo bila kupumzika, mpaka zile nyuzi zinazoigandisha zikajizungusha kwenye fimbo kama uzi, akazitupa, akatia chumvi ngumi moja. Akainua fimbo juu ili mteja aone inavyotiririka. "Hii itabaki maji mpaka kesho kutwa. Damu yangu haigandi."

Mtu aliyekufa mara mia na moja alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akaenda chini kama gunia. Foleni nzima ikashangilia. Mmoja akapiga mluzi. Mama Bucha peke yake ndiye aliyeziona zile kucha zilivyokuwa nyeupe, maana kazi yake ilikuwa kutazama miili, na mwili haukuwahi kumdanganya. Akaruka kaunta, akampiga kofi moja la kumwamsha, kisha la pili, kwa sababu lile la kwanza lilimnogea.

"Usiwaambie," Maiti alinong'ona. "Nikijulikana naogopa damu, nimekwisha."

"Nyamaza, usinitolee jasho kwenye vigae vyangu."

Basi ikawa hivyo. Ndoo moja kila wiki. Kisha ndoo mbili, na filamu ilikuwa moja. Kisha wiki zisizo na filamu kabisa, anakuja tu kukaa juu ya kreti huku ameipa ndoo mgongo, akisimulia jinsi alivyonyongwa, naye Mama Bucha anapasua mbavu na kucheka mpaka shoka linakosa kigogo. Mtaa mzima ulimsikia akicheka. Kwa miaka sita mtaa huo ulikuwa umesikia shoka tu.

Siku ya lile fupa, Maiti alikuwa amekuja na shati jeupe, na Mama Bucha, bila kufikiri, au labda baada ya kufikiri sana, alinyoosha mkono nyuma ya mlango akamvika aproni. Wembe akaingia na paja begani. Mengine mnayajua.

Yasiyojulikana ni kwamba haikuishia kwenye makofi. Wembe alimfuata pale chini, akamgeuza, akamshindilia ngumi ya pua, ya mdomo, ya pua tena. Maiti hakujua kupigana. Maisha yake yote alikuwa amejifunza nusu moja tu ya ugomvi, ile ya kuanguka. Akainuliwa kwa kola, akatundikwa kwenye kulabu tupu ya nyama, kwa aproni ileile, akawa ananing'inia akitema damu huku anafumba macho asiione.

"Vua nguo ya baba yangu!"

"Niteremshe kwanza, mwanangu, nitaivuaje?"

"Usiniite mwanangu, wewe maiti usiyezikwa!"

Ngumi nyingine ilikuwa njiani pale shoka lilipopita. Lilipita katikati ya pua mbili, likakata kifungo cha Wembe, likajizika ukutani mpaka nusu ya chuma.

"Atakayeinua mkono tena," Mama Bucha alisema polepole, "namchuna, namgawa, namuuza kabla ya saa sita. Nimefanya hivyo kwa aliyemuua baba yako na sikuchelewa kufungua duka."

Wembe akanyoosha kidole kwenye kulabu. "Mama, umemvika aproni ya baba. Huyu! Anayelala mtaroni watoto wakimcheka!"

Mama mtu akamteremsha Maiti, akairudisha aproni kwenye msumari wake. Jioni alimwambia Maiti, akimkanda pua kwa barafu: "Nakutaka. Sitakuficha. Lakini mwanangu ndiye aliyenishika mkono nilipotaka kumfuata baba yake kaburini. Siku atakayokaa meza moja na wewe, kwa miguu yake, bila mimi kumlazimisha, siku hiyo tunaoana. Asipokaa, ndoo yako utaijaza kwingine."

Maiti alilifikiria hilo wiki nzima, pua ikiwa na bandeji. Kisha akarudi buchani, akasimama upande salama wa kaunta.

"Wembe, una hasira na mimi."

"Umegundua."

"Basi njoo uniue."

Kisu cha Wembe kikasimama. Maiti akaeleza haraka haraka: filamu mpya, mtaa huuhuu, muuaji anamchoma kisu mbele ya soko. Mwongozaji anatafuta kijana mwenye mabega na chuki ya kweli usoni. "Mabega unayo. Chuki, sijaona mwenye nzuri kuliko yako. Utanichoma mbele ya watu wote, halafu tutakula chakula pamoja na waigizaji wengine, meza moja, ndiyo desturi yao. Ukitaka tutarudia mara kumi."

Mdomo wa Wembe ukacheza upande mmoja. "Mara kumi?"

"Hata ishirini."

Mama Bucha, nyuma ya mbavu za ng'ombe, aliinua shoka, akasahau kulishusha.

Siku ya mazoezi Wembe alipewa kisu. Kilikuwa cha mpira, kimepakwa rangi ya fedha, kina springi: ukisukuma, makali yanarudi ndani ya mpini na kulia *kwii* kama panya. Aligeuzageuza kitu kile kwenye kiganja chake kikubwa huku Maiti akimfundisha.

"Sikiliza vizuri. Wewe unanyoosha mkono tu, unasimama. Mimi ndiye ninayekifuata kisu. Najirusha juu yake kwa nguvu zote, tumbo mbele, ndiyo maana watu wanatapika. Umesikia?"

"Nimesikia," Wembe alisema, na hakusikia. Alikuwa anawaona kwenye akili yake wachinjaji wote wa soko wamepanga mstari, wanamwona yeye, Wembe, mwana wa bucha na mjukuu wa bucha, anachoma mtu kwa kitu kinacholia *kwii*. Wangemcheka mpaka uzeeni. Angebadilishwa jina.

Asubuhi ya kupiga picha akakiacha kile cha mpira chini ya mto. Akachukua kisu chake cha kuchunia, akakipitisha kwenye kinoo, upande huu, upande ule, mpaka kikamnyoa nywele za mkono. Ubaya haukuwa moyoni mwake hata punje. Angelikata shati, angesimama unywele mmoja kutoka kwenye ngozi, kama siku zote, na soko lote lingeona kazi ya kweli.

Soko lilikuwa limejaa mpaka juu ya mapaa. Mama Bucha alisimama karibu na kamera na ndoo yake, mwenye damu rasmi, amejipaka na mafuta ya nywele. Mfuko mmoja wa damu yake ulikuwa umefungwa chini ya shati la Maiti, kifuani upande wa kushoto.

"Anza!" mwongozaji akapaza sauti.

Maiti akatoka sokoni na kapu la matunda. Wembe akamtokea. Mkono ukaenda, mwepesi, ukakata shati na mfuko wa damu, ukashuka mpaka tumboni, ukasimama. Unywele mmoja. Kazi safi isiyo na kifani.

Na Maiti, fundi mwingine asiye na kifani, akajirusha juu yake, tumbo mbele, kwa nguvu zote.

Hakikulia *kwii*.

Uso wa Maiti ulifanya kitu ambacho haukuwa umewahi kufanya kwenye vifo mia na moja: ulishangaa. Akamtazama Wembe kama mtu aliyekanyagwa mguu na rafiki. Kisha akaanguka chali, kisu kikachomoka na kubaki mkononi mwa kijana. Soko likalipuka. Vigelegele, miluzi, kofia zikarushwa. Wembe alikuwa ameambiwa akimbie, lakini alisimama, mdomo wazi, anatazama mkono wake.

"Huyu kijana anajua!" mtu akasema. "Mtazame alivyoganda!"

Kamera ikaendelea kuzunguka. Dakika moja. Mbili. Maiti alitupa mguu, akavuta pumzi yenye maji, akanyamaza, kwa sababu hakuna aliyesema "Kata," na kuanzia siku ya nyuki hakuwahi kufufuka kabla ya neno hilo. Dakika ya tatu. Mama Bucha alikuwa anatabasamu na wenzake huku macho yakifanya kazi yao ya kila siku. Damu ilikuwa ikishuka mawe ya barabara kwa mikondo miwili. Mmoja ulitoka kifuani, mwepesi, ukakimbia mpaka mtaroni kama maji. Wa pili ulitoka tumboni. Ulienda hatua moja, ukapunguza mwendo. Ukawa mzito. Kingo zake zikajikunja, zikang'aa kama maini.

*Damu yangu haigandi.*

Ndoo ikamtoka. Aliwapiga vikumbo watu watatu na mguu wa kamera, akatua kwa magoti, akapasua shati, akakuta tundu linalopumua. Akaingiza vidole viwili vya kulia humo ndani, kama anavyotafuta mshipa wa mnyama, akaupata, akaubana.

"Umefanya nini?" Hakuwa anapiga kelele. Ndivyo ilivyotisha. "Wembe! Umefanya nini?"

"Nilisimama, mama! Naapa nilisimama! Yeye ndiye aliyekuja!"

Kisu kikaanguka juu ya jiwe. Kililia mlio wa chuma. Watu wa mbele wakausikia.

"Ni cha kweli! Ameua kweli! Amemuua Maiti!"

Soko lile lililokuwa likishangilia halikuhitaji hata muda wa kugeuza sura. Mkono wa kwanza ulimpata Wembe sikioni, wa pili mdomoni, na meno mawili yakaruka. Akaanguka. Wakamwingia. Mbao za meza za nyanya ziling'olewa, mawe ya mizani yalipita juu ya vichwa, mwanamke mmoja alivua kiatu akapigilia kisigino chake kama msumari. Wembe, aliyeweza kubeba nusu ya ng'ombe, hakuinua mkono hata mmoja kujikinga. Taya lake lilivunjika kwa mlio ambao mama yake aliusikia hatua kumi mbali, na aliujua, maana alivunja mifupa kila siku.

Mkono wake wa kushoto ukamnyookea mwanawe. Wa kulia ulikuwa ndani ya tumbo la Maiti, na chini ya kidole mshipa ulikuwa unapiga, unapiga. Akiuachia, huyu anakufa. Asipouachia, yule. Akaita watu, kelele za soko zikammeza. Tangu siku ya fahali hakuwahi kuwa mdogo namna ile.

"Niinue," Maiti alisema.

"Utakufa."

"Nimezoea. Niinue, bibie. Usitoe vidole."

Akamwinua. Jinsi alivyomwinua ni suala la misuli ya mabuchani. Mtu aliyekuwa maiti bora kuliko wote nchini alisimama kwa miguu yake, mweupe kama chokaa, na akaanza kuigiza kitu asichowahi kuigiza: mtu mzima wa afya. Akatoa tabasamu. Akatupa mkono hewani.

"Kata, jamani, kata!" alinguruma. "Mnampigia nini muuaji wangu? Mnaniharibia filamu! Mimi huyu hapa!"

Ubao mmoja ukasimama angani. Kisha mwingine.

"Nilitaka muamini, mkaamini mpaka mkapitiliza! Hebu mleteni hapa nimshike mkono. Kijana, njoo. Njoo, umefanya vizuri."

Halafu mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na soko lote likaangua kicheko cha aibu. Wale wale waliomvunja taya walimwinua Wembe, wakamfuta vumbi, mmoja akamrudishia jino. "Samahani, kaka. Umeigiza sana, ndiyo shida." Maiti akainama mbele ya hadhira mara tatu, taratibu, na kila alipoinama Mama Bucha aliinama naye, vidole vyake ndani ya mtu chini ya khanga, akitabasamu kwa meno yaliyokazwa. Wakatembea hivyo watatu hadi kwenye gari la mwongozaji, Wembe amempitishia yule bwana mkono kiunoni, wanapunga. Mlango ulipofungwa, Maiti alitazama chini, akaona ile damu yote, akazimia.

Hospitalini daktari wa upasuaji alitoka baada ya saa nne akitikisa kichwa. "Kisu kimepita pembeni ya ini. Unywele mmoja tu. Kama si bahati, basi aliyekishika alivuta mkono nyuma wakati ule ule."

"Alivuta," Mama Bucha alisema.

Damu ilihitajika, na ya Wembe ilifaa. Muuguzi akamuuliza uhusiano wake na mgonjwa, apate kuandika kwenye fomu. Kwa lile taya lililofungwa waya, Wembe alijibu neno moja kati ya meno: "Muuaji." Muuguzi akamtazama. Wembe akafikiri, akamwashiria afute.

Siku ya nne Mama Bucha alifika wodini na chupa ya supu, akasita mlangoni. Vitanda viwili vilikuwa vimesogezwa karibu. Katikati palikuwa na meza ndogo ya bati yenye magurudumu. Upande mmoja alikaa Maiti, asiyeruhusiwa kula chochote kigumu kwa sababu ya tumbo. Upande wa pili, amejikokota mwenyewe kutoka kitandani kwake, alikaa Wembe, asiyeweza kutafuna. Bakuli moja, mirija miwili.

"Unavuta sana," Maiti alikuwa analalamika. "Niachie nami."

"Hmm," Wembe akajibu, na kuvuta.

Walioana miezi mitatu baadaye. Maiti alivaa aproni juu ya suti, na aliyemfunga kamba zake nyuma alikuwa Wembe, kwa kukaza kuliko ilivyohitajika.

Filamu ilipotoka walienda wote watatu, wakakaa safu ya nyuma. Kifo kile kikafika. Mtu mmoja mnene safu ya mbele yao akainama kwa mkewe. "Hapa Maiti amechemka," akasema. "Hiki si kifo. Mtu anachomwa kisu halafu anashangaa? Mzee huyu ameishiwa."

Mama Bucha akasimama, mkono ukienda kwenye mkoba, ambamo halikukosekana shoka dogo. Mkono mwingine ukamshika kiwiko.

"Keti, mama," Wembe alisema, akikunja mikono ya shati na kupapasa taya lake jipya. "Huyu niachie mimi. Amemtukana mzee wetu."